Kumthibitisha kiongozi ni kutoa ushahidi



Agosti 2024, siku zile kamati ya Bunge la Kenya ikiwahoji watu 20 walioteuliwa na Rais William Ruto kuwa mawaziri, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano aliniuliza swali katikati ya kipindi cha Maarifa ya Uislamu. Alikuwa amesikia kuwa sheria ya Kenya inamruhusu raia yeyote kupeleka bungeni maelezo ya kumpinga mteule. "Ustadhi," akasema, "hiyo siyo ghiba? Mtu ukae uandike aibu za mwenzio, halafu zikasomwe mbele za watu?"

Ni swali zuri. Watu wazima nao wanalo, ila wao hawaulizi. Wao husema "mimi simo" wakanyamaza, na wakadhani wamesalimika. Kwa hiyo nimeona nilijibu hapa pia.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 152, inamtaka Rais ateue mawaziri kwa idhini ya Bunge. Sheria iliyotungwa mwaka 2011 ikaeleza namna ya kufanya hivyo. Majina hutangazwa mapema pamoja na siku ya kuhojiwa. Mwenye pingamizi huandika kwa kiapo. Mteule naye hueleza elimu yake, kazi alizofanya na mali aliyonayo, kisha hukaa mbele ya kamati huku nchi nzima ikitazama, na huulizwa utajiri wake ni shilingi ngapi. Waliosoma sira watakumbuka kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiandika mali za magavana wake siku anapowapa kazi, ili siku ya kutoka ijulikane kilichoongezeka kimetoka wapi.

Baada ya kuhojiwa, Bunge hupiga kura. Mwaka ule wa 2024 walipita 19. Aliyekwama ni Stella Soi Lang'at, aliyeteuliwa wizara ya jinsia, kamati ikisema hakuonesha kuyajua vya kutosha mambo ya wizara hiyo. Miaka miwili kabla, kamati ilimkataa Penina Malonza wa utalii, lakini Bunge zima likaitupa ripoti ya kamati na kumpitisha. Wapo Wakenya wanaosema yote haya ni maigizo, kwani mwenye wingi wa wabunge hatimaye hupata akitakacho. Nusu ya maneno yao naikubali. Lakini hata maigizo hayo humlazimisha mteule ajibu kwa mdomo wake, na majibu yakabaki kwenye kumbukumbu.

Sasa ghiba. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na wanaume wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Mtume hakumwambia kuwa wote ni ndugu zako Waislamu, chagua umtakaye. Alimweleza bayana kwamba mmoja ni fukara asiye na mali, na mwingine fimbo haitoki begani mwake. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, waliichukua kuwa dalili kwamba kutaja kasoro ya mtu pale unapotakiwa ushauri juu yake si ghiba iliyoharamishwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa ndoa ya mwanamke mmoja, vipi kwa mtu atakayekabidhiwa hospitali zote za nchi, au hazina yake?

Tena sisi ndio umma uliofanya kazi ya kuchunguza watu kuwa elimu kamili. Hadithi zote tunazozisoma zimepita katika ungo wa al-jarh wat-ta'dil. Fulani mkweli lakini anasahau, fulani hakubaliki, fulani alichanganyikiwa uzeeni, riwaya zake za kabla zipokelewe na za baada ziachwe. Walioyaandika hayo walikuwa wacha Mungu wakubwa, na waliona kuwa kunyamaza ndiko kungekuwa khiyana.

Na ucha Mungu peke yake hautoshi. Abu Dharr (r.a.) alipoomba uongozi, Mtume (s.a.w.) alimnyima, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu na kazi ile ni amana. Nani kati yetu anafika unyayo wa Abu Dharr kwa uchamungu? Hili nawaambia hasa wale ndugu zetu ambao wakisikia mteule ni Muislamu, basi kwao uchunguzi umekwisha.

Lakini ruhusa hii ina mpaka. Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (r.a.), kwa Umar. Umar akatuma watu pamoja na Saad mwenyewe, wakapita msikiti mmoja baada ya mwingine wakiuliza habari zake. Kote akasifiwa, mpaka msikiti wa Bani Abs, ambako Usama bin Qatada alisimama akasema hagawi sawa wala hahukumu kwa uadilifu. Saad akaomba dua dhidi yake kama amesema uongo, na Bukhari amepokea jinsi mtu yule alivyoishia vibaya uzeeni, akikiri mwenyewe kuwa dua ya Saad imempata. Tazama mambo mawili. Swali liliulizwa hadharani na mtuhumiwa akiwepo, na msemaji alijulikana jina akabeba dhamana ya neno lake. Kiapo cha sheria ya Kenya kinafuata njia hiyo hiyo. Karatasi isiyo na jina inayopita simu kwa simu haiifuati.

Wanaouliza nao wana hesabu yao. Marekani, ambako majaji wa shirikisho lazima wakubaliwe na Seneti, Rais Joe Biden alimteua Adeel Mangi Novemba 2023. Angekuwa Muislamu wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho. Disemba akaketi mbele ya kamati, na baadhi ya maseneta wakaacha sheria anayoijua wakamuuliza juu ya mashambulizi ya Septemba 11 na ya Oktoba 7, mambo asiyohusika nayo hata kwa chembe. Mwaka 2024 ukaisha bila jina lake kupigiwa kura.

Na hapa kwetu Tanzania? Mawaziri hawapitishwi na Bunge. Jaji Mkuu vivyo hivyo. Anayethibitishwa ni Waziri Mkuu, chini ya ibara ya 51 ya Katiba. Novemba 19, 2015 jina liliingia bungeni Dodoma ndani ya bahasha, Spika akaifungua, akasoma Kassim Majaliwa, na siku hiyo hiyo kura zikapigwa. Alipata 258 kati ya 351. Novemba 13, 2025 ilikuwa hivyo tena kwa Mwigulu Nchemba, jina na kura siku moja.

Simzungumzii mtu hapa. Nazungumzia ile "ndiyo". Mbunge anayeiandika anatoa ushahidi kwamba huyu anafaa. Imepokewa kuwa Umar alimuuliza mtu aliyekuja kumshuhudia mwenzake kama ni jirani yake, kama amesafiri naye, kama amewahi kushikana naye dinari na dirhamu. Alipojibu hapana kwa yote, Umar akamwambia kuwa hamjui mtu huyo. Kwa saa chache baina ya bahasha na sanduku la kura, mbunge mgeni aliyeapishwa juzi amemjua vipi? Na mwananchi wa Kigoma au Lindi mwenye jambo la kusema, kwa kheri au kwa shari, alipeleke lini?

Nimeisoma ibara ile mara kadhaa. Siku 14 zilizotajwa mle zinamfunga Rais katika kuteua, na mteule hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe. Sikuona mle sharti kwamba kura ipigwe siku jina linaposomwa. Wabunge wanaweza kujiwekea kanuni kuwa jina likishasomwa zipite siku saba, maelezo ya kiapo yapokelewe, mteule ahojiwe, ndipo kura. Hilo halihitaji katiba mpya.