Jumanne: Usimwekee Kipofu Kikwazo

Soma Mwanzo 27:18–27. Macho ya Isaka yalipofifia, alitegemea nini kumtambua mwanawe?

Isaka alisikiliza sauti, akapapasa mikono, akala, akanusa mavazi. Alikuwa na shaka, lakini watu wa nyumbani mwake waliojua udhaifu wake waliutumia kumdanganya.

Baadhi ya wanaoishi na VVU hupotewa na hisi pia. Virusi vinaweza kuathiri ubongo na mishipa ya fahamu: nyayo hufa ganzi au huwaka moto, pua haisikii harufu ya chakula kinachoungua, kumbukumbu hupungua. Ndugu akikanyaga kaa bila kuhisi, au akisahau zamu yake ya kuongoza somo, tusiseme amepungukiwa imani. Wala asiambiwe aache dawa kwa kuwa tumemwombea.

Soma Mambo ya Walawi 19:14. Kwa nini Mungu anaunganisha katazo hili na kumcha Yeye?

Asiyeona kikwazo hamjui aliyekiweka. Mungu anamjua.

Tafakari: Utamsaidiaje ndugu kama huyu kukagua nyayo zake na kukumbuka dawa, bila kuitangaza siri yake?