Sauti Isiyo Yangu



Mwaka jana nilirekodi Suratu Rahman kwa ajili ya jumuiya yetu. Sauti ilitetereka, nikaipitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti, ile inayoivuta kila sauti iliyopotoka hadi kwenye noti iliyo karibu. Nikaongeza sauti 2 za chini ambazo hakuna aliyezitoa. Makosa yangu ya makhraj yalibaki palepale, ila yamepambwa.

Ramadhani ilipoingia, wenzangu wakanisukuma mbele niwaswalishe Tarawehe. Nikasingizia mafua. Uongo ukazaa uongo.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu ndani, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Nami niliuficha wangu. Tena Bi Aisha (r.a.) amepokea kwamba anayesoma Qur'ani kwa kukwama na kwa tabu ana malipo mawili. Kukwama huko ndiko nilikokuonea haya!

Rekodi nimeifuta, wenzangu nimewaambia ukweli. Sasa kila baada ya Alfajiri nasoma mbele ya ustadhi, nakwama, ananisahihisha.

Ndugu yangu, msomee Mola wako kwa sauti aliyokupa.

Wabillahi tawfiq.