Taa ya Pangoni na Giza la Jikoni



Majilio yanapokaribia, huku kwetu Kitui na Makueni akina baba wengi huwa wangali Nairobi au Mombasa wakitafuta riziki, na akina mama wako nyumbani wakiyatazama mawingu. Leo katika ukurasa huu sitawaambia habari za nguo za Krismasi wala za mbuzi wa kuchinja. Nataka kuwaomba mjenge nyumba. Msishtuke, haihitaji saruji. Ni chumba kidogo cha katoni, cha kuwekwa juu ya meza: pango la Noeli la nyumbani kwenu wenyewe, lililojengwa na baba, mama na watoto kwa mikono yao, na kutiwa taa ndani.

Najua kuna watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya watoto, au kwamba pango liko kanisani na linatosha. Mimi pia nilisema hivyo miaka mingi. Kila Desemba nilikuwa nikiwasimamia vijana kujenga pango katika kanisa letu la kigango, halafu narudi nyumbani kwangu ambako hapakuwa na chochote.

Hebu tukumbuke desturi hii ilikotoka. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa Greccio, kijiji cha milimani nchini Italia. Kiasi cha siku kumi na tano kabla ya Noeli alimwomba mtu mmoja wa pale, aitwaye Yohane, amtayarishie hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Hapakuwa na sanamu za kununua. Usiku ulipofika, watu walikuja na mishumaa na mienge, msitu ukajaa mwanga, padre akaadhimisha Misa pale penye hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili. Basi tangu mwanzo taa ilikuwa sehemu ya pango, na taa zenyewe zililetwa na watu wa kawaida kutoka nyumbani kwao. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019, akatia sahihi pale pale barua yake juu ya pango la Noeli, akizihimiza familia zisiiache desturi hii ya kulitengeneza nyumbani.

Wengine huniuliza, je, ni halali kulifanya pango lifanane na nyumba ya Kikamba? Nawajibu wafungue Injili. Mtakatifu Luka anataja hori (Lk 2:7), hataji pango, wala hataji mnyama hata mmoja penye hori. Ng'ombe na punda tumewapata kwa nabii Isaya (Isa 1:3). Naye Mtakatifu Mathayo anasema mamajusi waliingia ndani ya nyumba (Mt 2:11). Nyumba! Basi jengeni nyumba mnayoijua.

Tena mikono ya kazi hii tunayo. Mutisya Munge wa Wamunyu, pale kwa jirani zetu wa Machakos, alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaja na ufundi huo nyumbani. Tangu hapo Wakamba wamechonga twiga na vifaru wasiohesabika, na wamechonga Yosefu, Maria na Mtoto pia, ambao watalii hununua na kuwapeleka kwao Ulaya. Nimewahi kujiuliza ni sebule ngapi za huko zina Familia Takatifu iliyochongwa na Mkamba, na ni ngapi za kwetu zinayo.

Sasa kazi yenyewe. Chukueni katoni ngumu, mwondoe upande mmoja ili ndani paonekane. Udongo wa kichuguu ndio bora kwa kuta, maana unashika. Changanyeni na mavi ya ng'ombe kidogo, mpake mkono mwembamba, mwache ukauke kivulini siku mbili. Ukikaushwa juani utapasuka, nasi tulilijifunza hilo kwa hasara. Boriti ni mabua ya mtama au ya mahindi, zifungwe kwa uzi wa katani uliobaki kwa mama anayesuka vyondo. Paa ni nyasi. Watu ni magunzi ya mahindi yaliyovikwa vipande vya leso. Msisahau vitu vya ndani, kwa sababu hapo ndipo watoto huonyesha akili zao: kigoda, kinu, mafiga matatu, kibuyu.

Mshumaa usiingie humo ndani kamwe. Nyasi kavu na mshumaa vinaweza kuchoma nyumba ndogo na kubwa kwa pamoja. Tumieni betri mbili za tochi, zile tunazoziita mawe, kila moja volti 1.5. Zikipangwa kichwa kwa mkia zinatoa volti 3, na hizo zinatosha kuwasha kitaa kimoja cheupe kilichotolewa katika tochi iliyoharibika. Kitaa hicho kina miguu miwili. Ule mrefu uunganishwe na upande wa chanya, la sivyo hakitawaka, nanyi mtadhani kimekufa. Mwanga wake ni mkali na wa baridi, kwa hiyo kizungushieni karatasi ya peremende ya rangi ya chungwa, na hapo utafanana na mwanga wa moto. Kificheni nyuma ya boriti, ili anayetazama aone mwanga asione taa. Madirisha yazibwe kwa karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia. Usiku utaona jinsi yanavyong'aa.

Ni hapo, penye taa, ndipo ninapotaka kukaa nanyi kidogo.

Mwaka 2022, mwaka ule ambao mvua zilikuwa zimetukosa msimu baada ya msimu, nilinunua sola kwa kulipa kidogo kidogo. Ilikuja na taa mbili. Moja niliitia sebuleni juu ya meza yangu, ninapotayarisha mafundisho ya wakatekumeni. Ya pili niliifunga nje, juu ya mlango. Nilisema ni kwa ajili ya usalama. Kusema kweli nilipenda wapitao barabarani waione, wajue kwamba katekista naye ana taa. Siku fundi alipokuja, mke wangu aliuliza jambo moja tu: "Na jikoni?" Nikamjibu, "Jikoni kuna moto."

Hakuuliza tena. Nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa amani. Aliniwekea maji ya kuoga, alinipa chakula, tulisali rozari pamoja. Ila aliacha kuja kukaa nami sebuleni jioni. Akimaliza kupika alikaa huko huko jikoni na koroboi yake mpaka saa ya kulala. Niliona, lakini sikutaka kujua ninachokiona. Ilikwenda hivyo miezi minane, na katika miezi hiyo nilifundisha semina mbili za wachumba juu ya mawasiliano katika ndoa.

Majilio yalipofika, binti yetu mdogo, wa miaka tisa, alitaka tujenge pango nyumbani. Nilikubali ili atulie. Jioni tatu tulifanya kazi mezani, na nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Tulipofika kwenye paa, aliniambia kwamba nyumba haijakamilika, haina jikoni. Nikamwambia pango halina jikoni. Akaniuliza, "Mama Yesu atapika wapi?" Sikuwa na jibu la kikatekismu, basi tukaongeza katoni ndogo ubavuni, tukaweka mafiga matatu.

Kitaa kilikuwa kimoja. Nilipogeuka kutafuta uzi, yeye alikipitisha katika tundu akakifunga jikoni. Nikamwambia, "Toa huko. Taa ni ya Mtoto, iweke chumbani penye hori." Akasema, "Mtoto ana nyota. Mama yake atapika gizani kama mwaitu."

Mwaitu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alitutazama, akageuka, akarudi jikoni.

Nilikaa kitambo, halafu nikamfuata. Nilikuwa sijaingia jikoni saa ya kupika tangu sijui lini. Moshi ulinikamata machoni kabla sijaona kitu. Moto wa mafiga, wapendwa, unaangaza miguu, hauangazi sufuria. Ilimbidi ainue koroboi kwa mkono mmoja juu ya chakula ili aone kama kimeiva, na kwa mkono wa pili akoroge. Alipoinua mkono nikaona kovu la kuungua, refu kama kidole, juu ya kifundo chake.

Nikauliza, "Hili ni la lini?"

"La Agosti."

Ilikuwa Desemba. Nilikuwa nimelala kando ya mkono huo miezi minne.

Nilitaka kuanza kueleza habari za waya, kwamba ulikuwa mfupi, kwamba fundi alisema hivi na vile. Neno "nisamehe" nimelifundisha kwa wachumba wengi, na huwaambia kuwa ni neno jepesi. Si jepesi. Nililisema nikiwa nimetazama mafiga, kwa sauti ndogo, na yeye hakunijibu, aliniambia nisogee kwa sababu nimeziba mlango na moshi hautoki.

Asubuhi niliishusha ile taa ya nje. Nilikwenda sokoni Kabati nikanunua mita sita za waya, nikaupitisha chini ya paa hadi jikoni. Ilipowaka jioni, mke wangu alitazama taa, kisha akatazama kuta zilizojaa masizi ya miaka, akasema, "Wageni nao watapita wapi gizani?" Sikujua kama ananitania au ananikemea. Hakuja sebuleni siku ile. Wala siku ya Krismasi. Alikuja baada ya Epifania, akaketi na katani yake akasuka bila kusema neno, na mimi niliogopa hata kugeuza ukurasa.

Ndugu zangu akina baba, nimelisoma mara nyingi lile neno la Bwana wetu juu ya taa (Mt 5:15), na kila mara nilihubiri habari ya kuificha na kutoificha. Nilikuwa nimekiruka kipande cha mwisho, kinachosema taa hiyo inawaangazia akina nani. Bwana hakumtaja mwenye kiti wala mpita njia. Aliwataja wote waliomo ndani ya nyumba. Mimi taa yangu sikuificha chini ya pishi. Niliiweka juu ya mlango, na bado mtu mmoja alikuwa gizani.

Kwa hiyo nawaomba mjenge chumba hiki pamoja, na mkifika penye taa msikimbilie kuifunga. Mpeni kila mmoja nafasi aseme angeiweka wapi, mkianza na mdogo. Baba asiwe fundi na wengine wabeba udongo. Wanandoa wasio na watoto wajenge pia, wao wawili, labda wao ndio watakaozungumza zaidi. Na kama katika nyumba yenu giza si la taa bali la fedha anazotuma baba na hakuna anayejua zinakwenda wapi, au la simu inayopokelewa nje usiku, huenda likajitokeza mkiwa mmeinama juu ya katoni, maana mikono ikiwa na kazi ulimi hulegea. Likijitokeza, baba, usiseme jikoni kuna moto.

Kama mume yuko Mombasa hadi tarehe 23, msimjengee yote akakuta imekwisha, akatazama kama mgeni. Mwachieni paa. Mwambieni alete betri na kitaa. Hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24, na Mtoto awekwe na yule aliyesafiri mbali zaidi kufika nyumbani. Mamajusi waanzie mbali, juu ya redio au dirishani, wasogezwe kidogo kila siku mpaka Epifania. Taa iwashwe saa ya sala ya jioni tu, dakika chache, kisha izimwe, betri zitafika mwisho wa sikukuu.

Nanyi akina mama, mke wangu amesoma karatasi hii kabla sijaituma, kwa sababu sikutaka kuitoa habari yake bila ruhusa. Amenituma niwaambie kwamba siku ile ya Agosti alipoungua angepaswa kuja sebuleni na kuuweka mkono wake juu ya daftari langu. Anasema alinyamaza ili aone nitachukua muda gani kuona. Anasema lilikuwa kosa, ila hajaliungama kwa sababu hajui ni dhambi ya amri gani.

Amesema pia niandike kwamba kazi haijaisha. Tangu taa iingie jikoni anauona moshi vizuri zaidi, na sasa anataka bomba la kuutolea nje, la mabati, lipitie ukutani. Fundi amekwisha kuja kupima. Kwa Majilio haya binti yetu ameanza kuuchimba udongo wa kichuguu, na ameniuliza kama katika jikoni la Mama Yesu tutatoboa tundu la bomba kabla ya kupaka kuta au baada. Nimemwambia akamwulize mama yake.