Najaribu Tu

Simamisha mtu yeyote anayekimbia Mumias South Road Jumamosi alfajiri, kabla matatu za 58 hazijaanza kutetemesha madirisha, umuulize kama yeye ni mkimbiaji. Atacheka. "Zii, mimi najaribu tu." Ana saa ya kupima mapigo ya moyo, anajua kila shimo kutoka hapa mpaka Rabai Road, na ameamka saa kumi wakati mtaa mzima umelala. Lakini mkimbiaji? Hapana.

Kiswahili chenyewe kinatuumbua hapa. Iba simu mara moja tu Phase Four uone: wewe ni mwizi, na jina litakufuata hadi kaburini. Lewa Ijumaa tatu mfululizo, wewe ni mlevi. Ila kimbia kila wiki kwa miaka minne, na bado unaiogopa ile m- ndogo ya mwanzo. Kwa mabaya tunapeana majina haraka. Mazuri tunayaacha yabaki kitenzi.

Sehemu ya sababu ni Kenya. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna Oktoba 2019 kwa 1:59:40, muda ambao haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kila kilomita ilimchukua kama dakika 2 na sekunde 50. Kelvin Kiptum akaweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 Chicago mwaka 2023, miezi minne kabla ya ajali iliyomuua. Mtu wa London anaweza kumaliza marathoni kwa saa tano na kujiita mkimbiaji bila wasiwasi, maana hashiki pasipoti moja na hao. Sisi tunashika. Ukijiita mkimbiaji hapa Buru, swali linalofuata ni, "Kwani wewe ni wa Eldoret?" Kwa hivyo "najaribu tu" mara nyingi ni ukweli mtupu, na sina shida nao.

Shida yangu ni yule anayetuma picha ya programu kwenye grupu ya WhatsApp: kilomita 15, dakika tano kwa kila moja, na chini ameandika, "Leo miguu imekataa kabisa, nimeaibika." Hajaaibika. Anangoja mtu aandike, "Aki wewe ni moto!" Aristotle aliwajua watu hawa. Katika kitabu chake cha maadili alimweka mkweli katikati, mwenye majivuno upande mmoja na anayejishusha upande wa pili, halafu akaongeza kwamba kujishusha kupita kiasi nako kunaweza kuwa majivuno. Mfano wake ulikuwa mavazi ya Wasparta. Wetu ni jamaa mwenye gari safi na kiatu kilichotoboka, na lazima ukione. "Hiki? Cha Gikomba tu, bro."

Hata hivyo, sitaki kumhukumu kila anayejishusha. Mwenyeji husema, "Karibu, chakula ni kidogo tu," na sufuria ya pilau imejaa hadi kifuniko hakikai. Hapo hakuna uongo, kwa sababu hakuna wa kudanganyika. Mnajua wote. Wazee wanaokimbia pamoja tangu enzi hizo wakisema "sisi tumeisha," ni pilau hiyo hiyo.

Mgeni hajui lugha hiyo. Jirani yetu mmoja wa Phase Three, mama wa watoto wawili, alianza kukimbia baada ya daktari kumwambia habari za presha. Alimaliza kilomita 21 zake za kwanza kwa saa tatu kasoro, akaja kwa chai medali bado iko shingoni. Kijana aliyemaliza kwa 1:48 akasema yeye ni takataka, heri angebaki kitandani. Watu wakacheka. Mama akaivua medali polepole, akaitia kwenye mkoba. Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Kijana hakumtukana mtu. Alijitukana mwenyewe, na tunadhani hiyo ni ruhusa ya kila mtu, kama kuchana shati lako. Ila 1:48 ikiwa takataka, saa tatu ni nini? Ukijipima kwa sauti, umeweka kipimo mezani, na kila aliye hapo atajipima nacho, atake asitake. Sioni vile mtu anaweza kusema "nilikuwa najisema mimi tu" na ikaishia hapo. Na anayeumia ni yule aliyekuwa anahitaji kukimbia kuliko sisi wote.

Kinyume chake nilikiona Agosti 2024, Olimpiki ya Paris. Kipchoge, bingwa mtetezi, aliachia njiani baada ya kilomita 30 hivi. Alisema mgongo ulimuuma, akawagawia mashabiki hadi viatu. Hakujiita takataka. Alisema kilichotokea, kikaishia hapo. Manze, kama kuna mtu alikuwa na ruhusa ya kulia siku ile, ni yeye.

Yule mama alirudi, baada ya mzee mmoja wa grupu kwenda kumgongea geti. Mzee huyo hana maneno mengi. Watu wakifika kwenye kibanda cha chai huwauliza kitu kimoja, ngapi na kwa muda gani, na hataki hadithi. Juzi kijana wa 1:48 alianza, "Aki leo mimi…" Mzee akamkata: "Ngapi?"

"Kumi. Dakika hamsini na moja."

"Sawa. Na wewe, mama?"

"Nane. Saa moja na dakika sita."

"Sawa," mzee akasema, akasukuma sahani ya mandazi upande wake.