Je, Ni Halali Kumficha Mgonjwa Jina la Ugonjwa Wake?

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe iko desturi ambayo wengi waihesabu kuwa ni huruma. Daktari akisema kwamba mgonjwa ana saratani, habari hiyo huwafikia ndugu zake tu; mwenyewe huambiwa ni jipu, au vidonda vya tumbo. Wafanyao hivyo si watu wabaya. Ni watoto wampendao mama yao. Ndiyo sababu jambo hili lataka kupimwa kwa makini, wala si kwa kulaumu.

Miaka michache iliyopita vijana wawili wa upande wa Handeni walinijia usiku. Mama yao alikuwa na uvimbe katika titi, na madaktari walikuwa wameshauri titi liondolewe. "Baba," wakasema, "twakuomba usimwambie. Sisi tumemwambia ni jipu." Nikanyamaza, nikidhani kwamba kunyamaza si kudanganya. Siku ya kwenda hospitali ilipofika, mama akakataa katakata. Akauliza: ni nani akatwaye titi kwa sababu ya jipu? Akatumia dawa za majani, akakaa nyumbani miezi minane. Na tukubali kwamba, kwa habari alizopewa, alifikiri sawasawa. Hakukataa kutibiwa saratani, maana hiyo hakuijua. Alikataa kukatwa kwa ajili ya jipu, kama mtu yeyote mwenye akili angalivyokataa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alitenga mambo mawili ambayo sisi twayachanganya. Kusema uongo hakukuruhusu, hata kwa kumwokoa mtu na hatari. Kuisitiri kweli kwa busara alikuruhusu. Kumwambia mgonjwa "tungoje majibu" wakati majibu hayajaja ni kusitiri. Kumwambia "ni jipu" ni jambo jingine. Tena mimi naona kwamba mbele ya kisu hata ule usitiri hauna nafasi kubwa, kwa kuwa kisu chataka ridhaa ya mwenye mwili, na hakuna aridhiaye asichokijua.

Hebu tutazame upasuaji wenyewe. Kwanza hutolewa kipande kidogo cha nyama, kikatazamwa kwa hadubini; ndicho kinachothibitisha kama uvimbe ni saratani. Ugonjwa ukiwa ungali mahali pake, daktari huuondoa pamoja na nyama nzima kidogo iliyouzunguka, na tezi za kwapani zikihitajiwa. Hapo mgonjwa aweza kutumaini kupona. Ukiwa umekwisha kutawanyika katika mifupa, mapafu au ini, kwa kawaida kisu hakiwezi kuufuata kote huko. Chaweza kupunguza adha tu, mathalani kuondoa kidonda kinachonuka, au kufungua njia ya chakula iliyozibika. Na hilo nalo si haba. Aliyeondolewa titi atarajie maumivu ya siku kadhaa, mpira mdogo wa kutoa maji ubavuni, na mkono mzito utakao mazoezi, ambao huenda ukavimba baadaye. Pengine atahitaji dawa, au mionzi katika Ocean Road, Dar es Salaam, iliyofanywa taasisi ya saratani inayojitegemea mwaka 1996. Kisha atarudi kupimwa kwa miaka. Mtu aliyeambiwa ana jipu ataelezwaje safari zote hizo, na nauli zake?

Wako wasemao kwamba kisu huiamsha saratani. Wasichekwe, maana wamewaona kwa macho yao watu waliopasuliwa na kufa. Lakini wengi wa hao walifika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Kuchelewa ndiko kulikowaangamiza, nacho kisu kikabebeshwa lawama.

Wala sisemi kwamba kisu ni dawa ya kila saratani. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Kuwapasua watoto wa namna hiyo kuliharibu nyuso zao, wala hakukuwaponya. Burkitt, ambaye kisu kilikuwa kazi yake, alikiri kwamba hapo hakifai, akajaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona. Daktari akubaliye kusema hivyo, basi, na asikizwe pia asemapo kwamba kisu chahitajiwa.

Kweli isemwe namna gani? Si ukumbini, foleni ikisikiliza. Mgonjwa aulizwe kwanza apenda kujua kiasi gani. Wako watakaojibu, "Mwambieni mwanangu," nao wana haki hiyo, kwa kuwa wamechagua wenyewe.

Yule mama alirudi hospitali wakati titi limekwisha kuwa kidonda, na daktari akasema kwamba aweza kukiondoa, si kuuponya ugonjwa. Safari hii nilimwambia mimi mwenyewe, mbele ya wanawe. Akakaa kimya kitambo kirefu, kisha akauliza, "Mmejua tangu lini?" Nikamtajia mwezi. Hakulia. Akaagiza dada zake waitwe kutoka Korogwe, apate kuligawa shamba lake kwa kinywa chake mwenyewe, naye daktari akaambiwa amwandikie siku ya kupasuliwa baada ya hapo.