Shimoni Hamkuwa na Fisi

Wajukuu zangu,

Mwezi Julai, pamba ikiwa imeshauzwa na wengi wenu mna fedha ya vocha mfukoni, mmoja wenu alinijia hapa nyumbani Lagangabilili na simu yake. Aliniamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akaniomba nimsimulie habari ya shimo la nungunungu ili airekodi. Nikaanza. Sikufika mbali akanikatiza: "Guku, mbona fisi hujamtaja? Babu mmoja alituambia ulipambana na fisi mlemle shimoni." Nikamwambia shimoni hamkuwa na fisi. Akasema, kwa heshima kabisa, "Basi mtaje tu, watu watapenda."

Nilimwomba aizime simu, na siku hiyo aliondoka bila kisa. Asidhani nilimkasirikia. Nilijikasirikia mwenyewe, kwa kuwa fisi yule mimi ndiye niliyemwingiza shimoni, miaka zaidi ya 50 iliyopita, na gharama yake aliilipa mtu mwingine. Nimeona niwaandikie ninyi nyote, maana kila mmoja wenu ipo siku atapatwa na jambo ambalo jirani yake halijui, na siku hiyo mtahitaji kujua la kufanya nalo.

Ilikuwa mwaka 1971. Mkoa wa Simiyu haukuwapo, wala Wilaya ya Itilima. Vyote vilizaliwa 2012. Wakati ule tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, na kila mtu alikaa na mji wake katikati ya mashamba yake, kabla ya Operesheni Vijiji kutukusanya. Adui yetu mkubwa shambani alikuwa nungunungu. Akiingia usiku kwenye matuta ya viazi, asubuhi unakuta yamefukuliwa, na viazi hivyo ndivyo michembe na matobolwa tuliyotegemea kiangazi. Kwa hiyo walikuwapo watu wa kumfuata chini kwa chini. Kwa Kisukuma ni Banunguli: chama chenye nyimbo zake, dawa zake na adabu zake, kama Bayeye walivyo na nyoka wao. Nilikuwa nimekaa nao misimu miwili.

Shimo lenyewe lilikuwa chini ya mawe, na mdomo wake ulipitisha mabega yangu kwa shida. Unaingia kichwa mbele. Mkono mmoja umeunyoosha na mkuki mfupi, mwingine umebanwa ubavuni, na mguuni umefungwa kamba ambayo nje wameishika wenzako wawili. Ukichezesha mguu mara mbili, wanavuta. Ukikaa kimya sana, wanavuta vilevile. Tochi niliing'ata kwa meno. Hewa ya humo ni nzito, ina harufu ya mkojo wa mnyama, na pumzi unayoitoa inakurudia usoni ikiwa na joto. Nilitambaa kama urefu wa mkokoteni na maksai wake, njia ikapinda kushoto, na hapo nikasikia mlio kama wa mtu anayetikisa kibuyu chenye mbegu. Ulikuwa mkia wake. Miiba ya mkiani mwa nungunungu ina uwazi ndani, naye akikasirika huitikisa. Tena niwaondolee uongo mmoja mliolishwa tangu utotoni: nungunungu harushi miiba kama mishale. Anakugeuzia mgongo, anakuja kinyumenyume kwa nguvu, na miiba inabaki mwilini mwako.

Alikuja. Miiba mitatu iliingia mkono huu wa kulia, chini ya kiwiko, na makovu mnayaona. Nilipojirudisha nyuma, bega likagonga ukuta, udongo ukaniporomokea mgongoni, tochi ikanitoka mdomoni ikazima. Nilichezesha mguu. Kamba ikakaza, mwili haukusogea. Nililala pale uso ukiwa vumbini, na nitawaambia nilichowaza: niliwaza katambuga zangu. Nilikuwa nimezivua mlangoni mwa shimo, na nikajiuliza ni nani atakayezipeleka kwa mama. Wenzangu walipanua mdomo wa shimo kwa jembe, wakavuta, nikatoka. Nilidhani nimekaa mchana kutwa, lakini kivuli cha mti nilichokiacha kando ya shimo kilikuwa hakijasogea hata hatua mbili. Nungunungu hatukumpata.

Kisa chote ni hicho.

Jioni ile pombe ya mtama ilipozunguka, mwenzangu mmoja akasema alisikia mngurumo. Mwingine akasema lazima alikuwa fisi. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na miaka 19, na wasichana walikuwapo wanasikiliza. Nikasema, "Alikuwa mkubwa."

Maneno mawili. Ilipofika mavuno, fisi walikuwa wawili. Mwaka uliofuata nilikuwa nimelala shimoni siku mbili na kutoka na ngozi begani, na nilikuwa nimeshatajwa katika wimbo wa ngoma. Sikuwahi kuusimulia uongo huo mwanzo hadi mwisho. Niliuacha utembee, nikala matunda yake. Nilikaribishwa kwenye vigoda vya mbele, nikaulizwa ushauri wa mambo nisiyoyajua.

Kisha mtoto wa jirani, wa miaka kama 12, alienda kwenye shimo la kichuguuni nyuma ya kwao. Alienda peke yake, bila kamba, na fimbo ya kuchungia mkononi. Alikuwa anamtafuta fisi wake. Walimtoa hai, lakini mwiba ulikuwa umempata jicho la kushoto, na jicho hilo halikuona tena. Leo ni mzee, tunaishi naye humu humu, ana wajukuu wanaosoma na wengine wenu. Hajawahi kunilaumu mbele za watu. Mara moja tu, tukinywesha ng'ombe, aliniambia: "Kaka, ungesema tu kwamba mle ndani kuna giza, nisingeingia."

Neno hilo nimelibeba miaka yote hii. Giza nililijua. Giza ndilo nililokuwa nalo la kuwapa watu, nikawapa fisi.

Wazee waliotutangulia walikuwa na kipimo kizuri zaidi, nanyi mnakibeba katika majina yenu bila kukitazama. Mtoto wa kwanza wa pacha ni Kulwa, wa pili Doto, na atakayewafuata ni Shija. Aliyezaliwa akitanguliza miguu ni Kashinje. Mzee aliyetoa jina la Kashinje alikuwa amepitia usiku wa hofu, mama na mtoto wote wangeweza kufa, lakini jina alilolitoa linasema miguu ilitangulia, basi. Ng'wana Malundi naye, watu hupenda kusimulia kwamba alinyooshea miti kidole ikakauka. Mimi sikuwapo. Ninachokiona ni kwamba alikuwa manju aliyekusanya watu wengi kwa ngoma na dawa, hata Wajerumani wakamtia kizuizini, na hayo peke yake yanatosha mtu kukumbukwa.

Mnataka kuona jambo lililosimama bila kuongezwa kitu? Mtazameni John Stephen Akhwari, mwenzetu wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio za marathoni za Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njiani aligongana na wenzake, akaanguka, akaumia goti na bega. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na wa 57 ni yeye. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, giza likiwa limeshaingia, goti limefungwa bandeji, na watazamaji wachache tu wamebaki. Alikuwa wa mwisho, na dunia inamtaja hadi leo kuliko wengi waliomtangulia siku ile. Kisa chake kina nguvu kwa sababu kila namba iko mahali pake. Sogezeni moja tu, semeni alikuwa wa tano, mtakuwa mmekiua. Wa tano alikuja kuwa kweli, lakini ni miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Hilo wengi hamlijui, maana tumezoea kulihifadhi goti lake tukamsahau mkimbiaji.

Sasa nisikilizeni hapa, maana chumvi ya shimoni ni ndogo ukiilinganisha na chumvi iliyomwagwa katika kanda yetu ya Ziwa. Kuna watu ambao Mungu amewapa maisha tusiyoyajua sisi. Mwenye ualbino anajua jua la saa sita kwa namna ambayo ngozi yangu haitaijua kamwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Badala ya kumuuliza, watu walimsimulia: wakasema viungo vyake vinaleta utajiri. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watoto na watu wazima wenye ualbino waliwindwa na kuuawa humu kwetu Usukumani kwa ajili ya simulizi hiyo, hata Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Bibi zetu nao walikatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, na waliowakata wamelelewa katika nyumba zinazopikia samadi ya ng'ombe kwa kukosa kuni, wanajua moshi ule unavyofanya macho. Yote hayo yalianza na mtu aliyeongeza neno juu ya mwili wa mwenzake, na wengine wakamtazama, naye akasema, "Ndiyo, niliona." Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia Bungeni kwa kura za jimbo. Watu wa Lindi walimsikiliza alichokisema yeye mwenyewe.

Ukisikia mtu anasimulia habari ya mwenzake ambaye hayupo, na habari hiyo inamfanya mwenzake aonekane jini au dawa, mkatize. Hata awe mzee. Hata niwe mimi.

Na ninyi wenye simu, msiende kulitafuta jambo la ajabu ili mlipige picha. Nimeonyeshwa video ya kijana ameshika kifutu kwa mkia, anacheka. Bayeye walikaa kwa walimu wao muda mrefu, wakachanjwa, wakafundishwa kila nyoka na tabia yake, na bado wamo waliokufa kwa kuumwa. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka wenye sumu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, kwa kuwa wanaokufa ni watu kama sisi, wa mashambani, walio mbali na dawa. Ukiumwa, usinyonye, usichanje, usikaze kamba. Tulia, usitembee, upelekwe hospitali. Mashimo ya nungunungu nayo acheni kabisa. Siku hizi kuwinda bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, na hata kama isingekuwa kosa, ningewakataza.

Ya ajabu tayari yako karibu nanyi, tena yanazeeka. Hapa Lagangabilili na vijiji vya jirani wapo waliochukuliwa mgambo mwaka 1978, wakaenda vitani, wakatembea na bunduki kutoka Kagera mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wapo waliochunga ng'ombe kwa miguu kutoka huku hadi Usangu na Rukwa wakitafuta malisho. Yupo mama aliyejifungua Kulwa juu ya mkokoteni na Doto chini ya mti, mvua inanyesha. Wengi hawajawahi kuulizwa, na kila msimu tunazika mmoja.

Mkienda kwao, msiulize "ilikuwaje ukawa shujaa." Swali hilo linamlazimisha mzee kutafuta fisi. Ulizeni alivaa nini miguuni. Ulizeni kamba aliishika nani, na harufu ilikuwa ya nini, na alikula nini siku iliyofuata. Akinyamaza, mwacheni anyamaze; yapo ambayo mtu anahitaji kuyazunguka kabla ya kuyagusa. Akisema jambo mnaloona limezidi, msimcheke na msimsahihishe. Mwulizeni tena kesho, taratibu. Mimi ningeulizwa hivyo mwaka 1971, na mtu mmoja tu, huenda ningesema.

Nipo nyumbani kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini. Kijana wa simu, rudi. Nitakusimulia shimo lote, na giza lake, na katambuga zangu. Tukimaliza nitakupeleka kwa yule mzee mwenzangu wa jicho moja. Nimezungumza naye, na amekubali kusema.