Bei ya Mtu wa Hapa

Pale Malaba, rolex ya mayai mawili ina bei mbili. Mtu wa bodaboda analipa 80. Dereva wa lori analipa 100. Chapo ni ile ile, mayai yale yale, nyanya na kitunguu vimekatwa kwa kisu kimoja, na wote wawili wanakula wakiwa wamekaa benchi moja.

Kama hujawahi kufika huku, usifikirie saa ya mkononi. Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai ndani yake. Imetoka Uganda, na jina lake ni Kiingereza cha mayai ya kuviringisha kikitamkwa haraka. Ilivuka mpaka zamani bila kugongewa muhuri. Mimi nimekulia Busia, na kutoka Busia hadi Malaba ni matatu moja tu, kwa hivyo tumbo langu limezoea pande zote. Ugali wa wimbi na muhogo, ule mweusi unaokaa tumboni mpaka jioni. Omena. Gonja ya kuchoma. Kumbikumbi mvua ikianza. Soda za Uganda ambazo ukizikosa Nairobi unazikumbuka kama ex.

Lakini leo sitaki kusifu chakula. Nataka kuuliza kama yule mama wa rolex anamwibia dereva.

Jibu la haraka ni ndiyo. Kitu kimoja, bei moja; ukiongeza kwa sababu umeona mtu ni mgeni, huo ni ukora. Rafiki zangu wa Nairobi wote hujibu hivyo, na wengi wao wameshawahi kuuziwa ndizi kwa bei ya mzungu.

Tatizo ni kwamba serikali yetu hufanya hivyo hivyo mchana kweupe. Nenda lango la Mbuga ya Nairobi. Mwananchi ana bei yake, mkazi wa kigeni bei yake, mgalii kutoka nje bei yake, na simba wanayekwenda kumtazama ni mmoja. Hakuna anayeita polisi. Tunaelewa kwamba mwananchi amelipia ile mbuga kwa njia nyingine: kwa kodi, na kwa ardhi ambayo ingekuwa shamba la mtu. Kwa hivyo bei mbili peke yake haitoshi kuwa kosa. Inabidi tuulize mwenye bei ya chini amelipa nini kingine.

Kaa kwenye kile kibanda siku nzima utaona. Mtu wa boda anakuja saa kumi na mbili asubuhi, anakula, anasema, "Mathe, andika." Mathe anaandika kwenye daftari. Jioni analipa, au halipi mpaka kesho. Lakini ni huyo huyo anayetumwa trei ya mayai mvua ikinyesha, na hadai nauli. Mtoto wa mathe akishikwa na homa usiku wa manane, atakayepigiwa simu ni yeye. Kukiwa na matanga, jina lake liko kwenye orodha ya mchango. Zile 20 anazopunguziwa amezilipa, tena pengine amelipa zaidi. Watu wa mpakani tumezoea jambo hili, maana mifuko yetu ina shilingi za aina mbili, ya Kenya na ya Uganda, na tunajua kwamba tarakimu mbili tofauti zinaweza kuwa thamani moja.

Tena kuna hesabu nyingine ambayo dereva haioni. Unga wa kesho unanunuliwa kwa pesa taslimu, na pesa taslimu ni ya dereva. Nusu ya watu wa boda bado wako kwenye daftari. Bila ile mia ya dere, mathe asingeweza kumwandikia mtu yeyote.

Mpaka hapo namtetea. Kuna kitu kingine kinanifurahisha pia: kibanda hakiulizi kitambulisho. Mwanamke Msamia anayevuka kutoka upande wa Uganda na karai la mihogo analipa 80. Kijana Mkenya kutoka Mombasa, mwenye kitambulisho cha Kenya na kura yake, analipa 100. Mathe hana habari na mstari uliochorwa na Waingereza. Kabla ya 1902 huku kwetu kote kulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kisha mwaka huo tukahamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya, bila mtu kuhama nyumba. Wasamia wako pande zote mbili. Wateso pia. Hata neno bodaboda lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka boda hii hadi boda ile. Kwa mathe, mtu wa hapa ni mtu anayejulikana. Pasipoti haina kazi kwenye sufuria ya maharagwe.

Basi kwa nini bado nina wasiwasi?

Kwa sababu ya dereva mmoja niliyekaa naye kwenye lile benchi. Mkamba, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole. Anapitia Malaba kila wiki mbili, na amefanya hivyo kwa miaka kumi na moja. Aliona jirani yake akilipa 80. Hakugombana. Alitoa mia yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, mimi hapa nimekula kuliko nilivyokula kwangu. Lakini bado naitwa dere."

Jina lake hakuna aliyelijua. Hakuwa analia shilingi 20. Alichokuwa anasema ni kwamba miaka kumi na moja haijatosha kumfanya mtu. Hajawahi kuambiwa "andika", kwa hivyo hajawahi kupata nafasi ya kurudi kulipa deni, na deni ndilo linalomfanya mtu ajulikane. Amefungiwa kwenye pesa taslimu.

Januari 2022 swali hili lilipata uzito wake wote. Uganda ilitaka madereva wapimwe korona mpakani, tena wajilipie. Madereva wakagoma. Malori yakasimama kutoka Malaba kurudi nyuma kuelekea Bungoma, makumi ya kilomita, na ng'ambo petroli ikapanda bei kwa sababu inapita barabara hiyo hiyo. Dereva hawezi kuacha lori akatafute hoteli nzuri. Akirudi atakuta mafuta yamefyonzwa na turubai limepasuliwa. Anakula kile kinachomfikia.

Niliona chupa ya maji ya 50 ikiuzwa mia, siku ya pili 150. Niliona pia mama mmoja na thamosi yake akitembea kando ya foleni, chai kikombe 20, bei ya kila siku, na kwa waliokuwa wameishiwa akiandika namba ya lori kwenye kiganja.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kubeba maji kilomita tano kwenye jua lile ni kazi, na kazi inalipwa. Hapo nimesaidiwa na mtu wa mbali sana na Malaba: Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Italia wa karne ya 13. Anasema kwamba muuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, anaruhusiwa kupandisha bei ili afidie ile hasara. Lakini kama yeye hapotezi chochote cha ziada, na ni mnunuzi tu aliye na shida kubwa, haruhusiwi. Sababu yake ni nyepesi mpaka inatisha: ile shida ni ya mnunuzi, na mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Kwa hiyo chupa ya 70 au 80 inaweza kuwa ni maji pamoja na miguu ya aliyeyabeba. Chupa ya 150 siku ya pili, miguu ikiwa ile ile na njia ile ile, ina kiu ya dereva ndani yake, na kiu hiyo haikuwa ya muuzaji.

Ukiipima mia ya mathe wa rolex kwa mizani hiyo, haiuzi shida ya mtu. Siku ya kawaida dere anaweza kutembea hatua ishirini akala kwingine. Lakini Aquinas hanipi jibu la yule Mkamba, kwa sababu shida yake haikuwa kwenye bei. Hilo nimelipata kwa Wateso na chungu cha ajono.

Ajono ni pombe ya wimbi. Inawekwa kwenye chungu kimoja katikati, inaongezwa maji ya moto, na watu wanakaa wakizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Chungu kinalipiwa kwa pamoja. Hakuna anayepima nani amevuta kiasi gani. Mzee asiye na kitu anapewa mrija. Mgeni naye anaweza kupewa, akifika na mwenyeji wake, akataja jina lake na la kwao. Si kwamba wageni hawapo. Wapo, lakini kuna njia inayojulikana ya kuacha kuwa mgeni, na ni fupi.

Hicho ndicho ninachodai kwa kibanda. Bei mbili sawa, mradi kuna mlango kati yake. Mtu akija mara ya kumi, muulize jina. Akija mara ya ishirini, mwandikie. Akishindwa kulipa, mrudishie mia yake ya mgeni, hajakuonea na hujamwonea. Lakini kama mtu anaweza kula kwako miaka kumi na moja na mlango haujafunguliwa, basi ile 20 imeacha kuwa bei ya ugeni. Imekuwa faini ya kutoka kwingine.

Na wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi au Kampala, usifikirie nazungumzia watu wa mpakani tu. Programu ya teksi inakupandishia bei mvua ikinyesha, na hujui aliye kando yako kwenye stage ameitishwa ngapi. Umeitumia miaka mitano, haitawahi kukuambia "lipa kesho." Mathe wa Malaba angalau anaitaja bei yake kwa sauti, wote kwenye benchi wakisikia, na unaweza kumuuliza kwa nini.

Mimi ningemuuliza. Halafu ningemtajia jina la yule dereva, ambalo nililiuliza kabla hajaondoka.